MJADALA: Mfumo ukague jina la faili au baiti zake za mwanzo?

Fundi_Ngamiani: Wakuu salaam. Kuna ofisi moja hapa Tanga jina silitaji, wananchi wanatuma viambatanisho kwenye mfumo wa zamani, aliyeuandika alishaondoka kitambo, na ndani ya kodi (code, maandishi ya programu) kuna mistari inasoma baiti nne za mwanzo za kila faili, yaani vipande vidogo vya data, inazilinganisha na 25 50 44 46 za heksadesimali, maelezo hamna wala nini. Ukizigeuza herufi ni %PDF. Sasa watu wanalia faili zinakataliwa, wakubwa wanataka mistari ifutwe mfumo uangalie jina tu, likiishia .pdf pita. Mi nasema isifutwe. Nyie je?

Steshenari Makorora: Ifutwe leo leo. Mteja kapiga cheti picha kwa simu, mfumo unataka PDF, natoa .jpg naweka .pdf, kwingine kote inapita nyie tu ndo mnagoma. Mtu katoka Muheza na nauli yake afu anaambiwa "faili batili", batili kivipi hawasemi.

Fundi_Ngamiani: Kaka hapo hujatengeneza PDF, umeivalisha kanzu tu. JPEG, ndo hiyo picha ya .jpg, inaanza FF D8 FF uiite jina lolote lile. Huko kwingine inapita kwenye kutuma, afisa akija kuifungua haifunguki na mwenye cheti yuko nyumbani anasubiri jibu. Fungua picha, bonyeza printi, chagua PDF badala ya printa, basi. Ila la ujumbe umenipata, kodi ikishaona FF D8 FF inajua kabisa hii ni picha, inashindwaje kusema hivyo?

Dada wa Raskazone: Mnazitetea sana hizo namba. Mfumo wa kazini kwetu unaitambua Word kwa D0 CF 11 E0, ile .doc ya zamani, wakati .docx iliyokuja na Office 2007 ndani ni zip, furushi la mafaili yaliyobanwa, inaanza 50 4B yaani PK, herufi za Phil Katz aliyeandika PKZIP, programu ya kubana mafaili. Kwa hiyo docx halali inatupwa nje. Haya iruhusu PK uone, apk ya Android imo, jar ya Java imo, xlsx ya Excel imo, inabidi uchungulie ndani ya zip ndo ujue. Na picha za HEIC za iPhone je? Alama yake "ftyp" inaanzia baiti ya tano, kodi inayosoma nne za mwanzo haiioni kabisaaa.

Mjomba Pongwe: Hata PDF yenyewe hapo mnawaonea watu. Kuna programu zinatanguliza takataka kabla ya %PDF, na Acrobat, programu ya Adobe ya kufungulia PDF, ilikuwa inavumilia ilimradi alama ipatikane ndani ya baiti 1024 za kwanza, nyie mnadai iwe baiti ya kwanza kabisa. Mi ningeng'oa yote niweke libmagic, maktaba ya kodi ya kutambua aina ya faili, inayotumiwa na amri ya file kwenye Linux. Amri yenyewe imeanza kwenye Unix 1973, mnaandika upya ya nini jamani?

Fundi_Ngamiani: Libmagic sina ubishi mjomba. Ila kuna mstari mwingine pale unakataa 4D 5A, MZ ya Mark Zbikowski wa Microsoft, hizo ni EXE, programu za Windows. Sidhani jamaa aliuweka kwa kujifurahisha, mkifuata jina tu kesho mtu anatuma cheti.pdf kumbe programu.

Dada wa Raskazone: Sawa lakini msiwadanganye wakubwa kwamba ikianza %PDF ni salama, PDF inabeba JavaScript, kodi inayoweza kuendeshwa, ndani vizuri tu. Baiti za mwanzo zinakwambia faili inadai ni nini, virusi tafuteni kwa njia nyingine.

Steshenari Makorora: Ya virusi mtajuana wenyewe. Mi nauliza, Jumatatu wateja wangu bado "faili batili"?

Fundi_Ngamiani: Ujumbe naubadilisha wikiendi hii, huo hauna haja ya kikao. Ukaguzi siugusi mpaka tuijaribu libmagic na mafaili yote ya zamani yaliyopo kwenye seva, maana yamo ya kila aina humo.