MJADALA: Kufuli za memori inayogawanwa na draiva za Linux, tuziachie macho ya wakaguzi au tuzikabidhi kwa mashine?

Kufuli Mbili (mleta mada)

Wakuu, salaam. Najua hoja hii itawakera baadhi yenu, hasa mliokaa na lugha ya C miaka mingi, lakini naileta hivyohivyo. Kanuni ya kufuli ambayo mashine haiwezi kuikagua ni ombi tu, na kerneli (kiini) ya Linux imejaa maombi ya aina hiyo pale draiva, yaani programu zinazoendesha vifaa, zinapogawana memori.

Kwa wasioshinda na mambo haya: ukifungua kamera ya simu, picha hainakiliwi kutoka kamera kwenda kwenye kioo. Inakaa kwenye bafa moja ya memori, halafu draiva ya kamera, ya chipu ya picha na ya kioo zote zinapewa njia ya kuifikia. Utaratibu huo ni dma-buf, umo ndani ya Linux tangu toleo la 3.3 mwaka 2012. Draiva inayotoa bafa tuiite mtoaji, zinazoitumia tuziite wapokeaji. Kila bafa ina kufuli yake, dma_resv: aliyeishika ndiye anayeruhusiwa kuigusa bafa, wengine wasubiri.

Sasa, mpokeaji anapomwita mtoaji, nani awe ameshika kufuli? Kwa miaka swali hilo halikuwa na jibu moja. Draiva nyingine zilijifungia zenyewe, nyingine zilidhani aliyeita ameshafunga. Zikikutana mbili ambazo kila moja inadhani mwenzake ndiye kafunga, bafa inaguswa bila ulinzi wowote. Zikikutana mbili zinazofunga zote, uzi (mkondo mmoja wa utekelezaji) unabaki kuisubiri kufuli ambayo umeishika wenyewe, na hapo hakuna kinachosogea tena.

Mwaka 2022 Dmitry Osipenko alileta mfululizo wa viraka, yaani marekebisho ya msimbo, vya kumaliza utata huo, vikaingia toleo la 6.2: mpokeaji aite akiwa na kufuli mkononi, mtoaji asiishike tena. Vilipitiwa na watu wanaoijua kazi hii kuliko sisi sote humu. Bado, mwaka 2023 sehemu ya mmap, inayoipa programu ya mtumiaji njia ya kuifikia bafa, ikabidi igeuzwe, mtoaji akarudishiwa jukumu la kufunga mwenyewe. Sababu? Draiva ya picha inaweza kupokea bafa iliyoitoa yenyewe. Kanuni mpya ilimshikia kufuli, halafu yeye kwa upande wake wa utoaji anaihitaji tena. Mkwamo.

Kama macho ya wale hayakuona, ya nani yataona?

Mzee wa Viraka

Kijana wangu, hoja yako imevaa koti kinyume. Unazungumza kana kwamba mashine ndiyo kwanza inakuja. Lockdep, kikaguzi cha kufuli kilichomo ndani ya kerneli yenyewe, ipo tangu 2006, toleo la 2.6.18, kazi ya Ingo Molnár na Arjan van de Ven. Inaandika mpangilio wa kila kufuli inayoshikwa, na ikiona A kisha B hapa, B kisha A kule, inapiga kelele hata kama mkwamo wenyewe haujawahi kutokea. Hiyo ni mashine, na ni nzuri mno.

Lakini angalia inavyofanya kazi kwenye dma-buf. Kuna kipande cha msimbo ambacho, lockdep ikiwa imewashwa, kinajiendesha kompyuta inapowaka na kuzishika kufuli kwa makusudi: kwanza mmap_lock (kufuli ya ramani ya memori ya programu), kisha dma_resv, kisha kinajifanya kinaingia kwenye urejeshaji wa memori. Hakina kazi nyingine. Kinaifundisha lockdep mpangilio halali, ili draiva yoyote itakayokuja na mpangilio wa kinyume ikamatwe siku ya kwanza. Nani alichagua mpangilio huo? Mtu. Mashine ingekubali wowote mradi hauzunguki.

Na kuna mambo ambayo hata ukiyatazama hayafanani na kufuli. Chipu ya picha ikimaliza kazi, draiva inapiga ishara ya fensi (alama ya kwamba kazi imekwisha), waliokuwa wanasubiri bafa wanaendelea. Njia ya kuelekea kwenye ishara hiyo hairuhusiwi kuomba memori kwa namna ya kawaida ya kusubiri. Kwa nini? Memori ikiisha, kerneli inaanza kurejesha kurasa, na urejeshaji huo unaweza kuisubiri fensi ileile. Fensi inasubiri memori, memori inasubiri fensi. Hutaliona hilo kwenye mashine ya maabara yenye GB 64. Utaliona kwenye simu ya GB 2 iliyofunguliwa programu kumi. Alama za kuifundisha lockdep jambo hili ziliingia 2020, kwa mkono wa Daniel Vetter, baada ya watu kuketi na kufikiri. Kompaila, programu inayojenga msimbo, haikuyajua hayo, na sioni itakavyoyajua.

Binti Kompaila

Shikamoo Mzee. Nakuunga mkono kuhusu fensi, lakini naomba tusichanganye makosa mawili. Kuna kufunga vibaya na kuna kutofunga kabisa.

Lockdep ni bingwa wa la kwanza. La pili inaliona tu pale mwandishi alipokumbuka kuweka sharti la kwamba kufuli iwe imeshikwa. Akisahau sharti, kimya. Tena inaona njia zilizopitwa tu. Tawi la kushughulikia hitilafu ambalo halijawahi kutekelezwa, kwake halipo. Na ikishatoa onyo moja inajizima mpaka uwashe kompyuta upya, kwa hiyo draiva moja mbovu inazificha nyingine zote zilizo nyuma yake.

Kwenye Rust, lugha ya pili ya kerneli baada ya C, data inakaa ndani ya kufuli. Huwezi kuifikia kabla hujaifunga, msimbo hautajengwa. Mkaguzi haulizwi tena "je, amefunga?" kwa kila mstari. Rust imo kwenye kerneli tangu 6.1, mwisho wa 2022. Kelele zilizofuata zilihusu memori hiihii: mwanzoni mwa 2025 Christoph Hellwig alikataa viunganishi vya Rust vya kugawa memori ya DMA (ile ambayo vifaa vinaifikia moja kwa moja), hakutaka lugha ya pili kwenye eneo alilolisimamia wakati huo. Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, akajibu Februari kwamba asiyetaka Rust asiiguse, lakini hana haki ya kuwazuia wengine kuutumia msimbo wake. Mimi naona alisema kweli.

Mzee wa Viraka

Marahaba binti. Na Desemba 2025 je?

Binti Kompaila

Nilijua utafika huko 😄

Mzee wa Viraka

Basi niwaeleze wengine. Binder ndiyo draiva inayobeba mazungumzo kati ya programu za Android, na inafanya hivyo kwa memori inayogawanwa. Toleo lake la Rust liliingia Linux 6.18. Desemba ileile likapata namba ya udhaifu, CVE-2025-68260, ya kwanza kwa msimbo wa Rust ndani ya kerneli. Kosa lilikuwa nini? Kufuli! Uzi mmoja unafunga, unahamishia vitu vyote kwenye orodha yake binafsi, unafungua, kisha unaanza kuipitia ile orodha. Wakati huohuo uzi mwingine unaondoa kitu kimoja ukidhani bado kiko kwenye orodha ya zamani. Viungo vya mbele na nyuma vinavurugika, kerneli inaanguka.

Juu ya mstari ule palikuwa na maelezo ya mwandishi yanayodai ni salama. Kompaila iliyaamini kwa sababu hiyo ndiyo maana ya sehemu ya unsafe: mtu amejidhamini. Kwa hiyo tumerudi kulekule, mkaguzi alipaswa kusoma maelezo yale na kuuliza, "na orodha ile ya muda je?"

Binti Kompaila

Sawa, ila niongeze usichosema. Greg Kroah-Hartman, mmoja wa wasimamizi wa kerneli, alipolitangaza alikumbusha kwamba siku hiyohiyo zilitoka namba nyingine zaidi ya mia moja, zote za upande wa C. Na hili la Rust lilikuwa kwenye sehemu iliyopigwa alama ya unsafe. Mkaguzi mwenye muda wa saa mbili tu jioni anajua pa kuzitumia. Kwenye draiva ya C yenye mistari elfu ishirini, anaanzia wapi?

Fundi wa Luthuli

Wadau, nimewasoma kwa makini na naona mnajadili msimbo ambao wateja wangu hawana.

Leteni Tecno au Infinix yenye chipu ya MediaTek na GPU (chipu ya picha) ya Mali, ziko tele hapa Nairobi. Kwenye kerneli rasmi kuna draiva za Mali, Panfrost, na Panthor iliyoingia 2024, zimepitiwa na hao wakaguzi mnaowasifu. Simu haitumii hizo. Inatumia draiva ya Arm yenyewe, wabunifu wa Mali, inayokaa nje ya kerneli rasmi, imeongezwa mambo na mtengenezaji wa chipu, halafu na mtengenezaji wa simu. CVE-2023-4211 ilikuwa humo: memori ya GPU iliyokwisha kuachiliwa, bado inafikiwa. Ilitangazwa Oktoba 2023 ikiwa tayari inatumiwa na wavamizi.

Na mkitaka kulia zaidi, tazameni CVE-2019-2215 ya Binder ya zamani, ile ya C. Mashine ya Google inayoitwa syzkaller ililikamata kosa mwaka 2017. Likarekebishwa Februari 2018. Oktoba 2019 likakutwa bado ni njia ya kuingilia simu zinazotumika, kwa sababu kiraka hakikufika kwenye kerneli za simu hizo. Hapo mashine ilifanya kazi yake, mkaguzi akafanya yake. Aliyekosekana ni wa tatu.

Mpita Njia

Fundi kaua mjadala.

Kufuli Mbili (mleta mada)

Hajauua, kaupanua. Fundi, asante, lakini kiraka kisichofika ni ugonjwa mwingine. Hata kingefika kesho yake, draiva iliyokaa nje haikuwahi kuulizwa maswali ya Mzee. Ndiyo maana mimi ningependa mtengenezaji abanwe airudishe ndani, na akiirudisha akutane na mlango mgumu.

Mzee, hili nakupa: Rust isingezuia mkwamo wa mmap niliouleta mwanzo. Kwa Rust, uzi unaojisubiri milele ni "salama", hauharibu memori. Kwa hiyo napunguza dai langu. Sidai kila draiva iandikwe upya. Nadai kiraka kinachobadili kanuni ya kufuli kisipokewe kama hakijaja na kitu cha kuilinda: sharti la dma_resv_assert_held ndani ya kazi husika, au alama ya fensi, au jaribio linalopita kwenye tawi la hitilafu.

Hilo la mwisho ndilo tunalolidharau zaidi. Kazi moja ya GPU inaweza kuhitaji bafa ishirini, na programu ya mtumiaji ndiyo inayochagua mpangilio wake, kwa hiyo huwezi kuwapangia A kabla ya B. Kerneli inatumia ww_mutex tangu 2013: kila kazi ina tiketi, mwenye tiketi ya zamani anapita, wa karibuni anapokea EDEADLK (taarifa ya hatari ya mkwamo), anaachia zote alizoshika na kuanza upya. Zuri kwenye karatasi. Lakini njia hiyo ya kuachia na kurudi haipitwi mara kwa mara, na humo ndimo watu husahau kuachia moja. Kuna chaguo la kujenga kerneli, CONFIG_DEBUG_WW_MUTEX_SLOWPATH, linalorusha EDEADLK za uongo ili uone draiva yako inaanguka au inasimama. Nikikagua kiraka, swali langu la kwanza ni kama mwandishi aliliwasha. Mara nyingi sijibiwi.

Mzee wa Viraka

Hapo tumekutana, na sikutegemea. Kwa viraka vipya nakubali sharti lako lote. Lakini draiva zilizomo tayari, zile ambazo aliyeziandika alishahama kampuni na anwani yake ya barua haipokei tena, sharti hilo atazipachikia nani? Kuweka assert mahali pasipo sahihi ni kumpigia kelele mtumiaji asiye na kosa. Na kujua mahali sahihi, lazima uisome draiva yote kwanza.

Binti Kompaila

Mimi nina moja ya kamera ya zamani nimeanza kuisoma, na kufuli tatu za kwanza hazina hata mstari mmoja unaosema zinalinda nini. Mzee, ukiwa na nafasi Jumamosi, tuigawane?