Tupeane uzoefu: tangazo la chuo lililokupita, na lililokufikia

Ndugu zangu tunaofanya kazi vyuoni, kuanzia Nakuru hadi Kakamega na Bondo, naomba tuzungumzie matangazo ya wafanyakazi. Mimi ni karani wa idara huku Kisumu, mwaka wa 13 sasa.

Bima ya afya ya zamani, NHIF, ilipoondoka na ile mpya, SHIF, kuanza tarehe 1 Oktoba 2024, tuliletewa tangazo la kujisajili upya na kuandikisha wategemezi. Lilikuja kwa barua pepe tu. Kuna mzee hufyeka nyasi karibu na maktaba, simu yake ni mulika mwizi, haifungui barua pepe. Alipoona makato ya asilimia 2.75 kwenye mshahara, aliamini kwamba aliyekatwa ameshasajiliwa. Mkewe akalazwa, jina likatafutwa, halipo. Alikuja ofisini na hati ya mshahara iliyokunjwa mara nne, akaifungua taratibu, akaweka kidole kwenye mstari wa makato. "Mama, si hii hapa? Mimi nalipa."

Barua pepe ile nilikuwa nimeisoma siku ileile, nikaendelea na kazi zangu. Iliniuma sana. Tulibonyeza *147# ya kujisajili pale pale mezani; kumbe hata simu yake ile ingetosha tangu mwanzo.

Siku hizi nachapisha nakala mbili, moja kwa walinzi langoni na moja mlangoni pa jikoni. Saa nne chai ikimiminwa, nasoma kwa sauti. Kwenu mnafanyaje?

FundiMaabara, Nakuru
Kwetu shida ni saa. Tangazo la kuzimwa umeme Jumamosi lilitumwa Ijumaa saa kumi na moja jioni, watu washapanda matatu. Nililiona Jumapili baada ya kanisa. Friji ilikuwa na sampuli za udongo za mwanafunzi wa uzamili, kazi ya miezi minne. Hakulia, alikaa tu kwenye kiti akitazama zile chupa. Tangazo la umeme lipigwe simu, jamani.

Mwalimu wa Jioni
Mgomo wetu wahadhiri wa vyuo vikuu vya umma wa 2025, kuanzia Septemba 17 hadi Novemba 5, siku 49. Tulikuwa tunadai shilingi bilioni 7.9 za makubaliano ya mishahara ya 2017 hadi 2021. Asubuhi ofisi inasema masomo yanaendelea, jioni chama chetu cha wahadhiri kinasema tusiingie darasani, na wanafunzi wananipigia wakiwa wameshalipa nauli. Sikuwa na la kuwaambia. Tangu hapo, tangazo lisilo na tarehe na sahihi silisambazi.

Mpishi, Kisumu
Mimi nitoe shukrani. Mama yangu alipofariki, tanzia iliandikwa ikaandikika: siku ya mazishi, njia ya kufika kwetu Siaya, nambari ya mhazini wa mchango, na kwamba basi litatoka langoni Jumamosi saa kumi na moja alfajiri. Nilitarajia wenzangu wa jikoni tu. Basi lilipofika nyumbani, walishuka hata walinzi wawili wa zamu ya usiku, bado wamevaa sare na makoti mazito, hawakuwa wamelala. Hao hawamo kwenye kikundi chochote cha WhatsApp. Nikawauliza wamejuaje. Wakasema dereva aliwasomea langoni, mara mbili, ili washike saa.