Vyombo vya habari vya Kenya, acheni kututangazia asilimia zisizo na mwenyewe

Wanajukwaa, salaam.

Ninaandika uzi huu nikiwa na hasira, na sioni sababu ya kuificha. Uchaguzi wa Agosti 2027 haujafika, lakini tayari tunasomewa asilimia asubuhi na jioni: fulani anaongoza, fulani ameporomoka, fulani angeshinda iwapo kura zingepigwa leo. Mara nyingi anayezisoma hasemi ni nani aliyegharimia utafiti huo, waliohojiwa walikuwa wangapi, walihojiwa kwa simu au ana kwa ana, wala waliulizwa swali gani. Kuyataja hayo si hisani ya kuombwa na msikilizaji. Tunayo sheria ya mwaka 2012 kuhusu uchapishaji wa kura za maoni za uchaguzi, ambayo inamtaka anayetangaza matokeo ayataje, inakataza matokeo hayo kutangazwa katika siku tano za mwisho kabla ya uchaguzi, na imelikabidhi Baraza la Vyombo vya Habari jukumu la kuisimamia. Wahariri wengi wanaikumbuka ile ya siku tano. Mengine wameyaacha yalale kabatini.

Mwaka 2022 nilimsaidia mwalimu mmoja mstaafu aliyewania uwakilishi wadi huku kwetu Pwani. Hakuwa na gari la vipaza sauti wala fulana za kugawa; alikuwa na miguu yake, na daftari alimoandika shida za kila mtaa aliopita. Zikiwa zimebaki wiki tatu, redio moja inayosikilizwa sana hapa ilisoma matokeo ya kile ilichokiita utafiti, yakampa mwalimu asilimia 3 na kumweka wa sita. Jioni hiyohiyo tulikuwa tumealikwa na kina mama wa chama kimoja cha akiba. Viti vya plastiki vilipangwa ishirini na kitu, wakaja watu saba. Mwenyekiti wao, mtu mzima ambaye watoto wake wote walipita katika darasa la mwalimu, alimshika mkono akamwambia, “Mwalimu, sisi twakupenda, lakini watu wanasema kura yako ni ya kutupa.”

Kesho yake nilikipigia simu kituo kile kuuliza ni watu wangapi waliohojiwa katika wadi yetu. Nikajibiwa kwamba karatasi ililetwa ikiwa imeshaandikwa, na kwamba nikiwa na malalamiko nimtafute aliyeileta, ambaye jina lake hawakuwa nalo. Kura zilipohesabiwa, mwalimu alikuwa wa pili. Kama angeshinda bila karatasi ile, hilo siwezi kulisema. Ninachojua ni kwamba wale kina mama walikuwa na miaka thelathini ya kumpima mtu wao kwa kazi yake, na karatasi isiyo na mwenyewe ikawapimia kwa jioni moja.

Msiniambie kwamba hayo ni ya redio za mashinani. Katika kinyang'anyiro cha urais zilikuwapo kampuni zenye majina na ofisi, na sizilaumu kwa kufanya utafiti. Mwanzoni mwa Agosti 2022 Ipsos ilimpa Raila Odinga asilimia 47 na William Ruto 41. Infotrak ikatoa 49 kwa 42. Sasa jumlisheni 47 na 41, mpate 88. Ukiwatoa wagombea wengine wawili, George Wajackoyah na David Mwaure, sehemu kubwa ya zile 12 zilizobaki ilikuwa ni watu waliokataa kutaja chaguo lao au ambao hawakuwa wameamua, na kundi hilo lilizidi pengo zima lililokuwa kati ya wawili wa mbele. Habari yenyewe ilikuwa hapo, lakini vichwa vya habari vikakazana na neno moja tu, “anaongoza”. Matokeo rasmi yakampa Ruto asilimia 50.49 na Raila 48.85, tofauti ya kura 233,211. Mahakama ya Juu ilikwisha kutoa uamuzi wake Septemba 2022, lakini ninao majirani ambao hadi leo ushahidi wao wa kwanza kwamba waliibiwa ni zile asilimia za runinga.

Ubaya zaidi ni kwamba asilimia hizi haziishii kutangazwa. Ndizo zinazoamua nani asikike. Katika mdahalo wa urais wa tarehe 26 Julai 2022, wagombea waligawanywa makundi mawili kwa kigezo cha asilimia 5 katika kura za maoni. Wajackoyah alikataa kuwekwa katika kundi la chini akaondoka, Mwaure akabaki peke yake. Raila naye hakuhudhuria, Ruto akazungumza peke yake. Mgombea hajulikani kwa sababu hahojiwi, na hahojiwi kwa sababu utafiti unasema hajulikani. Huo ni mduara, na anayeuzungusha ni mhariri.

Kuhusu takwimu za kaunti, nawaomba mpige hesabu wenyewe. Tuseme wamehojiwa watu 2,400 nchi nzima, kisha wakagawanywa sawasawa kwa kaunti 47: wanabaki watu 51 kwa kila kaunti. Kwa watu 51, makadirio yanaweza kukosea kwa takriban pointi 14 kwenda juu au chini. Anayetangaza kwamba mwaniaji ugavana wa Kilifi anamshinda mwenzake kwa pointi nne kwa kutegemea sampuli ya namna hiyo hana habari yoyote mkononi, na anawapotosha watu ambao hawana njia ya kumkagua.

Ninalitaka Baraza la Vyombo vya Habari lianze sasa, wala lisingoje mwaka wa uchaguzi uwake moto, kuvichukulia hatua hadharani vituo na magazeti yanayotangaza matokeo bila kumtaja mfadhili, idadi ya waliohojiwa na maswali waliyoulizwa. Nanyi wanajukwaa, yeyote aliyewahi kupigiwa simu na watafiti hawa atueleze hapa aliulizwa nini, kwa lugha gani, na majina ya wagombea alisomewa kwa mpangilio upi. Ninakusanya maelezo hayo ili niyaambatanishe na barua ninayoliandikia Baraza mwezi huu.