Tangi la samaki wiki ya 5, amonia haishuki. Dawa ya maji ndiyo inachelewesha?

Habari wakuu, naomba ushauri. Nina tangi la lita 60, samaki bado sijaweka, nasubiri kwanza bakteria wanaokula amonia (sumu kwa samaki) wakue. Maji ni ya bomba, yananuka klorini, hivyo kila nikibadilisha natia dawa ya kuiondoa, ambayo pia inafunga amonia. Huwa nazidisha, kifuniko kizima badala ya nusu, kwa woga tu. Natia pia chakula kidogo kioze, bakteria wapate amonia. Leo kipimo cha amonia bado kijani, kama 2. Naitraiti, ambayo bakteria huitoa wakila amonia, ni 0 kabisa. Je, dawa hiyo ikifunga amonia inawanyima bakteria chakula? Au niliwaua nilipoosha sponji ya filta bombani Jumapili? Nivumilie au nianze upya? Mwanangu akitoka shule swali ni moja: samaki wako wapi?