Naomba ushauri: sensa au kamera ya nyuma kwa Toyota Noah?

Wakuu, habari za leo. Uani kwetu watoto hucheza nyuma ya gari muda wote, na kioo cha ndani hakimwonyeshi mtoto aliyechuchumaa karibu na bampa. Hilo linaninyima amani kabisa. Fundi mmoja wa Kariakoo ananishauri nifunge sensa nne, vile vifaa vinavyolia gari likikaribia kitu, atoboe bampa. Mimi naegemea kamera inayowaka yenyewe ukiingiza rivasi, maana sensa hulia tu, haikuonyeshi ni mtoto au ni ndoo. Ila njia yetu ni ya vumbi na tope. Lenzi ikichafuka si nitakuwa sioni kitu? Aliyefunga vyote viwili, vimedumu? Redio yangu ni ile ya Kijapani iliyokuja na gari. Itapokea kamera yoyote, au ninunue skrini ya pembeni?