Tupeane uzoefu: Mtu akipiga chombo cha muziki, kwa nini anavutia?

Mwalimu wa Kwaya (mtoa mada)

Wakuu, habari za jioni. Nimefundisha kwaya ya kanisa hapa Morogoro miaka mingi, na kuna jambo nimeliona likijirudia hadi nimeona nilete kwenu. Anakuja kijana mkimya, anakaa nyuma na wenzake wa besi, hata jina lake watu hawalishiki. Anajifunza kinanda taratibu. Siku anapoachiwa misa nzima peke yake, wiki inayofuata wasichana wa sauti ya kwanza wote wanajua anakaa mtaa gani. Sura ni ileile, shati lilelile, mfukoni hamna kitu kama kawaida. Sasa kimebadilika nini?

Wengi watasema pesa na umaarufu. Kwa mpiga kinanda wa kanisani, pesa ipi? Hata nauli anajilipia. Na umaarufu wake unaishia getini.

Mimi naamini watu wanavutwa na kumwona mwenzao amezama kwenye kazi ngumu mpaka kasahau kwamba anatazamwa. Sisi wengine tukijua tunatazamwa tunapanga uso, tunavuta shati. Aliyezama kwenye muziki hana nafasi hiyo, kwa hiyo unamwona alivyo. Na kuna la pili, ambalo kwangu ni kubwa zaidi: unaona anavyosikiliza. Padre akianzisha wimbo juu kuliko ilivyozoeleka, mpiga kinanda mzuri anamtafuta kwa vidole viwili vitatu hadi anamkuta, na waumini hawajui kama kulikuwa na tatizo. Wazee wakivuta beti, anawangoja. Anayetazama haya kwa makini lazima ajiulize moyoni: huyu tukiwa wawili, atanisikiliza vipi?

Karibuni wadau. Wapigaji, wake na waume wa wapigaji, hata waliokimbia. Naomba yaliyowakuta wenyewe, siyo ya kusikia.

Mke wa Ridhimu

Mwalimu, umenigusa mahali penyewe. Nimeolewa na mpiga gita wa dansi, na siyo yule wa solo ambaye watu wote wanamkodolea macho. Wangu ni wa ridhimu.

Nilikulia Kariakoo enzi bendi za Sikinde na Msondo wanagombea mji. DDC Mlimani Park, ndio hao Sikinde, walianza 1978, na mtaani kwetu uliulizwa wewe ni wa upande gani kabla hujaulizwa kabila. Kwa hiyo dansi nililijua tangu mdogo. Wimbo unaanza polepole, waimbaji wanasimulia kisa chao hadi kinaisha, halafu chemko, ile sehemu ya kasi, linafunguka na ukumbi mzima unasimama. Hapo solo anakimbia anakotaka, saksafoni zinaingia, mwimbaji anashuka jukwaani. Ridhimu haendi popote. Anarudia kitu kilekile, muda wote huo, bila kupunguza wala kuongeza kasi, na wote wengine wanamwegemea.

Nilikuwa nimekaa upande wa spika bendi moja ikipiga (jina lake naliacha), nikamwona huyu mtu. Macho yake yalikuwa kwa mpiga ngoma, kichwa kimeinama kidogo, mkono wa kulia unakwenda kama haujaambiwa kwamba watu wamelewa. Solo alikuwa kijana mgeni, na kuna mahali alipotea kabisa. Yule wa ridhimu hakumtazama kwa hasira. Alisogea hatua moja karibu naye, akapiga ile mizunguko kwa nguvu kidogo, kijana akasikia pa kurudia, akarudi. Nilisema moyoni, huyu ndiye. Nilikuwa sijaongea naye hata neno.

Watu wanafikiri mpiga gita anakuimbia nyimbo za mapenzi. Hajawahi. Tulipoanza kuonana alikuwa anakuja kwetu, anakaa mkekani, anafanya mazoezi ya kitu kimoja saa nzima huku mama yangu anachambua mchele. Mara ya kwanza kunishika mkono nilishtuka: ncha za vidole vyake vya kushoto zilikuwa ngumu, zimeota sugu kwa sababu ya nyuzi za chuma, lakini mkono wa kulia ulikuwa laini wa kawaida. Nilivishika kimoja kimoja.

Dada zangu mnaowatamani wapigaji, mlijue na hili. Mvuto ule haufi siku ya harusi. Soda zinaletwa jukwaani na hazina jina, namba zinaandikwa kwenye pakiti ya sigara. Ijumaa hadi Jumapili ulale peke yako. Mimi niliamua kwenda naye, nakaa palepale upande wa spika, na nilifanya hivyo kwa sababu ninapenda kumsikiliza. Hilo la kumlinda sikulihitaji. Mwanamke asiyependa muziki wenyewe hawezi maisha haya, nawaambia ukweli.

Kanuni Unguja

Assalaam aleykum. Nyote mnazungumza kama kwamba mpigaji ni mwanamme tu na sisi wanawake ni wa kutazama. Mimi ni mwanamke na napiga kanuni, chombo cha nyuzi cha taarab.

Kwetu Zanzibar chombo hichi kina heshima ya zamani. Wazee wanahadithia kwamba Seyyid Barghash, aliyetawala 1870 hadi 1888, ndiye aliyempeleka Mohamed Ibrahim Misri akajifunze kuipiga. Kikundi cha taarab cha Ikhwani Safaa kimeanza 1905 na hadi leo wapo. Nyuzi zake zinapita sabini, zimepangwa tatu tatu kwa kila sauti, unailaza mapajani, vidole vya shahada unavivalisha pete zenye kijiti cha kudonolea. Lakini kabla ya kupiga kuna kazi ya kukaza nyuzi, na hiyo ndiyo inayonipa mie raha. Unaweka ufunguo, unasikiliza, unageuza kidogo mno, unasikiliza tena. Ukumbi umejaa watu, mafundi wa fidla wanazungumza, mtoto analia, na wewe uko na uzi mmoja tu.

Alikuja mtu kuniposa aliyeniona nikipiga harusini. Aliwaambia wazee wangu kwamba hajapata kuona kitu kizuri kama mikono yangu ilivyokuwa ikienda siku ile. Akaleta mahari na maneno mazuri. Halafu sharti: nikishaolewa, niache kupiga mbele za watu. Nikamuuliza mbele ya mama yangu, sasa utaoa nini? Kilichokuleta hapa ndicho unachotaka kukizima. Posa ikarudi.

Nimeliona hili kwa wenzangu wengi, na nadhani ndilo jambo ambalo Mwalimu hakulifikia. Mtu anavutwa nawe kwa sababu una kitu chako ambacho hakimhusu yeye. Akishakupata, kitu hicho kinamtia wivu, hata kama ni mbao na nyuzi. Alhamdulillahi sasa nina mume ambaye mimi nikikaza nyuzi yeye hukaa kimya na kunishikia taa umeme ukikatika. Hajui maqam, zile ngazi za sauti za muziki wa Kiarabu, hata moja. Nimependezewa naye kwa ukimya ule.

Na Tausi, kundi la taarab la wanawake watupu, limeshaonesha hapa kwamba mwanamke hakai jukwaani kwa kuimba tu.

Msomaji wa Tafiti

Naheshimu visa vyenu, naongeza kidogo. Charles Darwin aliandika mwaka 1871 kwamba huenda muziki wa binadamu ulianzia kwenye kutafuta wenza, kama ndege wanavyoimba. Ufaransa ulichapishwa utafiti mwaka 2014: kijana mmoja aliwaomba namba ya simu wasichana 300 mtaani. Alipobeba mfuko wa gita, asilimia 31 walimpa. Mikono mitupu, 14. Begi la michezo, 9. Na hakupiga hata noti moja! Ila tafiti kadhaa za mwandishi wake zimekuja kuhojiwa vikali na wataalamu wenzake, kwa hiyo tusizibebe takwimu hizo kama msahafu. Mwaka 2015 huko Sweden walichunguza mapacha zaidi ya 10,000, na hawakupata ushahidi wa maana kwamba wenye kipaji cha muziki wanapata wenza zaidi ya wengine.

Mwalimu wa Kwaya

Asante mkuu, hii imenisaidia. Naona inaenda sambamba na Mke wa Ridhimu. Mfuko wa gita unaweza kukupatia namba ya simu. Mtu kuamua kukaa nawe ni habari nyingine, na hapo ndipo ninapotaka tuchimbe.

Mjukuu wa Jathum

Salamu kutoka Siaya. Kwetu Wajaluo babu alikuwa jathum, mpigaji wa nyatiti. Nyuzi nane, unakaa kwa kigoda kifupi, kidole gumba cha mguu kimevaa pete ya chuma inaitwa oduong', inagonga ubao wa nyatiti, na gara, yaani njuga, zinalia mguuni. Mtu mmoja anakuwa bendi nzima.

Lakini mimi naona kitu tofauti na Mwalimu. Babu hakupendwa kwa sababu amezama. Alipendwa kwa sababu alikufanya *wewe* uonekane. Kuna pakruok: unatoa pesa, muziki unasimama, unainuka unajisifu, unamsifu rafiki yako au shemeji yako, watu wanashangilia, kisha mpigaji anaendelea na jina lako ndani ya wimbo. Hebu fikiria umesifiwa hivyo mbele ya wakwe! Nyanya alikuwa anasema alimpenda siku alipomsikia akimtaja baba mzazi wa nyanya, marehemu, na ukoo wake wote bila kukosea. Hakuwa ameulizwa. Alikuwa amechunguza mwenyewe.

Zamani wanawake hawakuruhusiwa kuigusa. Siku hizi wapo, na Mjapani Eriko Mukoyama alikuja kujifunza hapa kwetu Siaya, anajulikana kwa jina Anyango.

Mtu wa Lubumbashi

Nyie wote mnazungumza habari za bibi na bwana tu. Franco Luambo, yule mpiga gita mkubwa wa Kongo, alipokuwa mtoto, mama yake alikuwa akiuza mikate sokoni Léopoldville, ndiyo Kinshasa ya leo, na yeye alipiga gita pembeni ili wateja wasogee. Muziki unavuta watu wote, mpaka mwenye njaa.

Kijana wa Tabata

Wakuu shikamooni. Nina miaka 22, sijawahi kugusa chombo. Kuna binti kwaya yetu ninampenda. Nianze na nini, na je, nitachelewa?

Mwalimu wa Kwaya

Marahaba mwanangu. Hujachelewa. Kama kanisani kuna kinanda, anza nacho, kwa sababu hutanunua kitu na noti zake hazikosei. Ukitaka gita, tafuta lenye nyuzi za nailoni, za chuma zitakuumiza vidole mapema ukate tamaa. Jifunze akodi tatu (noti kadhaa zinazopigwa pamoja), kisha usikae chumbani nazo: nenda ukapige watu wakiimba, hata kama ni watoto wa jumuiya, ujifunze kuwafuata. Na huyo binti msalimie wiki hii hii, usingoje uwe fundi. Ukishaongea naye utuletee majibu hapa.