Mnatufungulia seva ya ARK ya watu watano kwa mipangilio ya watu sabini!

Jamani, hii sasa imezidi. Mtu anafungua seva binafsi ya ARK: Survival Evolved, lile gemu la kuishi na kufuga dinosaria, anakusanya hela za wenzake kwa mobile money, anaweka nenosiri, basi, kajiona fundi. Namba zote kaziacha vilevile. Namba hizo zilitungwa kwa seva rasmi, watu 70, makabila (timu za wachezaji) yaliyopokezana zamu usiku na mchana. Nyinyi mko watano, mitaa ya Ntinda na Wandegeya hapa Kampala, huyu ana kazi, yule ana mitihani Makerere, na umeme wetu mnaujua. Mtoto wa dinosaria aina ya rex anachukua karibu siku 4 kukua. Giganotosaurus zaidi ya siku 10. Nani atakaa amlishe nyama muda wote huo?

Halafu wako wanaobadilisha, na hao ndio wanaonikera kabisa. Wanapachika 20 kila mahali. BabyMatureSpeedMultiplier=20 (kizidishio cha kasi ya mtoto kukua), sawa, rex anakua chini ya saa 5. Lakini BabyCuddleIntervalMultiplier (muda kati ya kubembelezwa) wameiacha 1, na kwa 1 mtoto huomba kubembelezwa baada ya saa 8. Banange! Anakuwa mkubwa kabla hajaomba hata mara moja, na ile nguvu ya ziada anayoipata aliyemlea inapotea moja kwa moja. Weka 0.05, ataomba kila dakika 24, na utafika asilimia 100 ya nguvu hiyo.

Someni majina kabla ya kugusa. Penye Speed, namba ikipanda mambo yanaenda mbio. Penye Interval au Period ni kinyume chake: namba ishuke. Nimeona MatingIntervalMultiplier=20 (muda wa jike kupumzika kabla ya kupandwa tena) kwenye faili ya mtu anayelipwa. Jike ambalo lingepumzika saa 18 hadi 48, kwa namba hiyo linapumzika siku 15 hadi 40! Ilitakiwa 0.05. Miti na mawe yakichelewa kurudi, ResourcesRespawnPeriodMultiplier=0.5. Usiku mrefu unawachosha? NightTimeSpeedScale=2. Ukiweka 0.5 umeurefusha.

HarvestAmountMultiplier (kiasi cha mavuno) 3 inatosha. Ukipiga 20, mapigo mawili ya shoka na mtu hawezi kutembea kwa uzito, hapo ulazimike kupandisha na PerLevelStatsMultiplier_Player[7], yaani uzito ambao mchezaji anaweza kubeba.

Na hili la "mbona dino wote ni leveli ndogo?" Ni ugumu wa gemu: DifficultyOffset=1.0 na OverrideOfficialDifficulty=5.0, hapo wa porini wanafika leveli 150. Ila waliokwisha kuzaliwa ramanini hawabadiliki. Admini aandike amri cheat DestroyWildDinos, inawafuta wote wa porini, na wapya ndio watatoka na leveli mpya. Waliofugwa hawaguswi, kwa hiyo acheni uoga.

Msihariri GameUserSettings.ini, faili ya mipangilio, seva ikiwa inawaka. Ikizimwa inaandika upya faili yake na kufuta mlichoweka, kisha mnasema gemu ni bovu. Anza na cheat saveworld, halafu cheat doexit, subiri izime kabisa, ndipo ufungue faili. Kufuga, mavuno na ugumu vinakaa humo chini ya [ServerSettings]. Mayai, watoto na uzito vinakaa kwenye Game.ini, chini ya [/script/shootergame.shootergamemode]. Ukipachika mstari kwenye faili isiyo yake, seva haikuambii kitu. Inaupuuza tu.

Kuanzia leo, mwenye seva abandike namba zake kwenye kundi KABLA hajapokea hata shilingi moja.

—
Jibu la 1

Umesahau wale wanaofungua dunia kwenye kompyuta yao hiyohiyo wanayochezea, kisha wanaita marafiki. Mgeni akienda mbali na mwenyeji anavutwa kurudi, watu wanadhani ni mtandao. Si mtandao, ni kamba ya mwenyeji, yaani kikomo cha umbali kutoka kwake, na ina kitelezi chake kwenye mipangilio ya kufungua dunia. Kipandishe. Na mwenyeji akienda kulala, dunia nzima imelala naye.

Wanaocheza peke yao nao: ukiwasha bUseSingleplayerSettings (mipangilio ya mchezaji mmoja), gemu linaweka nyongeza zake juu ya namba zako. Ukiwa na 20 zako na hiyo imewashwa, mtoto anakua hata hujapata nafasi ya kumbembeleza. Chagua kimoja.

—
Jibu la 2

Umeme, wakuu. AutoSavePeriodMinutes, yaani dakika kati ya seva kujihifadhi, ni 15 kwa kawaida. Ukikatika dakika ya 14, kila mlichofanya kwa dakika hizo kimekwenda. Weka 5. Seva itaganda kidogo kila inapohifadhi, vumilieni. Na mwenye seva anakili folda ya SavedArks kwenye diski nyingine kila siku, yaani faili za .ark (dunia), .arkprofile (wahusika) na .arktribe (makabila) zote. Akirudisha .ark peke yake, nyumba zitakuwepo lakini watu wataambiwa watengeneze wahusika wapya.

—
Mwanzisha uzi

@Jibu la 2 asante. Sasa yule admini aliyenitumia ujumbe pembeni kwamba "default ndiyo haki kwa wote", yaani namba za awali zisiguswe: hiyo default yako ina DifficultyOffset=0.2. Umewahi kuifungua hiyo faili?